TUZUNGUMUZE MU JAMAA: Wamebadilisha tena! Tunalilia vitunguu ao tunalilia maji?

Mwezi huu tuzungumuze juu ya kelele moja yenye inasikilika mu manyumba yetu kupita hata jenereta ya jirani: kelele ya watu wenye wanafungua telefone asubui na kukuta kama mutandao umegeuka sura.

Munajua vile inafikaka. Jana usiku mama alilala, kila kitu kilikuwa mahali pake. Asubui anakuta rangi ni ingine, mahali pa kufinya pamehamishwa, chenye kilikuwa juu kimeshuka chini, na kitu kipya kimekaa katikati sawa vile mugeni mwenye hakupiga hodi. Anamuita mutoto: "Weye, ulifanya nini mu telefone yangu?" Mutoto anaapa: "Mama, haiko miye! Ni benyewe njo banabadirisha." Na mama anajibu: "Benyewe banani? Baliniuliza?"

Musomaji, usicheke ile swali. Ni swali ya maana. Mama yule ana mutoto mu mugodi wa Kolwezi mwenye anarudi nyumbani kisha majuma mengi. Habari ya mushahara, ya dawa ya sukari, ya makuta ya masomo, ya kilio, yote inapita mu ile telefone. Akipoteza mahali pa kusikiliza sauti ya mutoto wake, hakupoteza muchezo. Amepoteza njia ya kufika kwa mutoto. Kwa hiyo tutafute pamoja: watu wanalalamika juu ya nini? Na malalamiko yao yanazaaka matunda?

*Malalamiko haikuanza kwetu*

Facebook ilizaliwa mu mwaka wa 2004 kule Marekani, mu chuo kikuu cha Harvard. Mwanzo, ukitaka kujua habari ya rafiki, ilikuomba uende mwenyewe ku ukurasa wake, sawa vile unatembelea mutu mu nyumba yake. Tarehe 5 Septemba 2006 wakaleta kitu kipya: habari za marafiki wote zikakusanywa pamoja, zikuje zenyewe mbele ya macho yako. Fulani amebadilisha picha, fulani ameachana na muchumba wake, wote wanaona. Watu wakakasirika sana. Mu siku chache mamia ya maelfu wakaingia mu kikundi cha kupinga. Na kile kikundi kilikuwa wapi? Kilikuwa mu Facebook yenyewe! Na kilienea mbio juu ya ile ukurasa mupya yenye walikuwa wanapinga.

Kisha siku tatu Mark Zuckerberg, mwanzishi wa Facebook, akaandika barua ya kuomba musamaha: hawakueleza watu muzuri, na hawakuwapa uwezo wa kuchagua nani aone nini. Wakaongeza mahali pa kuchagua. Lakini ukurasa wenyewe wakauacha, na leo kijana mwenye anatumia Facebook hawezi hata kufikiri namna gani ilikuwa mbele.

WhatsApp nayo ilipata yake. Mbele ya mwaka wa 2017, statu ilikuwa maneno tu. Mumoja anaandika "niko ku kazi", mwengine anaweka jina ya marehemu baba yake, mwengine mustari wa Zaburi, na inabaki pale mwaka muzima. Tarehe 24 Februari 2017 wakaweka picha na video zenye kuyeyuka kisha masaa 24, sawa vile Snapchat ilikuwa inafanya. Maneno yakatoweka. Watu wakalia mu inchi mingi, na mwezi wa Machi WhatsApp ikatangaza kama maneno yanarudi, pembeni ya jina ya mwenye telefone. Picha zikabaki, lakini maneno nayo yakarudishwa.

Snapchat yenyewe ilibadilisha sura mwanzo wa mwaka wa 2018. Watu zaidi ya 1 200 000 wakatia sahihi ku barua ya kuomba ya zamani irudi. Wakubwa wa kampuni kwanza wakasema watu watazoea. Lakini kisha hesabu ikasema: watumiaji wa kila siku walikuwa 191 000 000 mu miezi tatu ya kwanza ya ule mwaka, wakashuka 188 000 000 mu miezi tatu ya pili. Kampuni ikakubali kama mabadiliko yake njo ilileta shida, ikarudisha vitu fulani mahali pa zamani.

Na mu mwezi wa Julai 2022 Instagram ilikuwa inajaribu kujaza telefone muzima na video, nyingi za watu wenye haujui hata kidogo, juu ya kufuata TikTok. Watu wakasema: tunataka picha za wenzetu! Kisha siku chache, Adam Mosseri, mukubwa wa Instagram, akaondoa yale majaribio.

Basi munaona: mara moja wanasikiliza nusu, mara moja wanarudisha, mara moja wanaendelea na njia yao. Tofauti inatoka wapi?

*Vitunguu na maji*

Munakumbuka safari ya Waisraeli mu jangwa. Wale watu walijua kulalamika! Lakini tusome muzuri. Mu kitabu cha Kutoka, sura ya 17, wanalalamika juu ya kiu: hakuna maji, watoto na nyama wanaweza kufa. Mungu anamutuma Musa apige mwamba, na maji yanatoka. Mu kitabu cha Hesabu, sura ya 11, wanalalamika tena. Mara hii wanakumbuka samaki wa Misri, matango, vitunguu na vitunguu saumu. Chakula kilikuwako, mana ilikuwa inashuka kila siku. Chenye kilikosekana ni utamu wenye ulimi ulizoea.

Malalamiko yetu ku mitandao nayo iko hivi. Kuko malalamiko ya vitunguu: rangi ilikuwa nzuri, sasa ni mubaya, ilikuwa juu, sasa iko chini. Inaumiza kweli, tusidanganyane. Kidole kilizoea njia yake, sawa vile muguu unazoea njia ya kwenda soko la Kenya hata mu giza. Lakini kisha juma mbili ao tatu, kidole kinajifunza. Mutu anasahau hata kama alikasirika.

Na kuko malalamiko ya maji. Hapa kitu cha lazima kimeondolewa. Maandishi yamekuwa madogo, muzee haoni tena. Majina yameondolewa, pamebaki paka alama, na mama mwenye alijifunza kusoma ukubwani hajui alama inasema nini. Video zinaanza kucheza zenyewe na kukula mega, na mega ni makuta. Kwa jamaa yenye inanunua ya siku moja moja, ile ni mukate wa watoto. Hapo mutu asiambiwe "utazoea". Hakuna mutu anazoea kiu.

Vijana, hii neno ni yenu zaidi. Mama akilia, usianze na kucheka. Muulize kwanza: "Mama, nini njo hauone?" Kwa jibu lake utajua kama ni kitunguu ao ni maji.

*Kimya chenye kuogopesha*

Sasa tufike ku neno yenye inaniuma. Kuko mabadiliko ya namna ya tatu, na juu ya hii watu hawapigaka kelele mingi. Sura haibadilike. Rangi ni ile ile. Chenye kinabadilika ni mapatano.

WhatsApp ilianzishwa mu mwaka wa 2009, na mu mwaka wa 2014 Facebook ikatangaza inainunua kwa dola miliardi 19. Mwezi wa Agosti 2016 wakaleta mapatano mapya: habari fulani za mwenye telefone, pamoja na namba yake, zingepita kwa Facebook. Mwenye alikuwa tayari mu WhatsApp alikuwa na siku 30 za kukataa habari zake zisitumiwe kwa matangazo ya biashara. Kisha siku 30, mulango ukafungwa. Nani hapa Golf anakumbuka aliona ile mulango? Wengi tulifinya "nakubali" juu tulikuwa na haraka ya kusoma habari ya kikundi.

Mwezi wa Januari 2021 wakaleta mengine, na mara hii dunia ikashituka. Telegram ikatangaza kama watu 25 000 000 wapya waliingia kwao mu masaa 72. Signal nayo ikajaa. WhatsApp ikaeleza kama mazungumzo ya watu wa jamaa inabaki imefungwa, wao wenyewe hawawezi kuisoma, na kama mapya inaangalia zaidi mazungumzo na wafanyabiashara. Hata vile, ikasukuma tarehe ya mwisho kutoka 8 Februari mupaka 15 Mei 2021. Ni kelele ya watu njo ilisukuma ile tarehe.

Ndiyo maana ninasema: tusimalize nguvu yetu yote ku rangi. Mutu mwenye analia siku tatu juu ya rangi ya kijani, na anafinya "nakubali" bila kusoma mustari mumoja, ni sawa mutu mwenye anagombana juu ya rangi ya mulango na kutia sahihi ku karatasi ya kuuzisha kiwanja.

*Sababu gani wanabadilisha?*

Wengi wanaulizaka: kitu kilikuwa kizuri, sababu gani wanakigusa? Jibu iko mu ile neno "bure". Nyumba yenye unakaa bila kulipa, mwenye nyumba anapata faida yake namna ingine. Faida yake ni matangazo ya biashara, na matangazo inaomba macho ya watu yabaki pale murefu. Kwa hiyo wanapanga vyumba upya kila wakati juu ubakie. Wanaigana pia: chenye kinaleta watu kwa jirani, nao wanakileta kwao.

Muangalie ile statu ya picha ya 2017. Watu walijiuliza: hii ni ya nini? Mwezi wa Juni 2025 kampuni ikatangaza kama matangazo ya biashara yataanza kuingia mu WhatsApp, na mahali pake ni wapi? Ni pale pale, kati ya zile statu. Chumba kilijengwa kwanza, mupangaji mwenye kulipa akafika kisha myaka nane.

Tena mujue hivi: hawasikilize sana chenye tunasema. Wanahesabu chenye tunafanya. Mutu anaandika matusi mu Facebook juu ya Facebook, lakini anabaki pale masaa mawili. Kwa hesabu yao, yule amefurahi! Snapchat ilisikia vizuri zaidi siku yenye watu walipunguka.

*Kukataa pamoja, kukataa peke*

Sisi watu wa hii inchi tunajua hii neno tangu zamani, mbele ya telefone. Mwezi wa Oktoba 1993 serikali ya Mobutu ilileta makuta mapya, Nouveau Zaïre: moja ya mupya kwa 3 000 000 ya zamani. Kasai ikakataa. Watu wa kule wakaendelea kuuza na kununua kwa noti za zamani myaka mingi. Noti zilichakaa, zilipasuka, lakini zilitembea, juu muuzaji na munuzi wote walizikubali. Nguvu ya noti ilikuwa ndani ya lile patano lao.

Mutandao ni vile vile. Nguvu yake ni watu wenye wako ndani. Ukikasirika na kutoka peke yako, umebeba noti yenye hakuna mutu anaikamata ku soko. Mu mwaka wa 2021 wengi waliweka Telegram, lakini kikundi cha jamaa kikabaki WhatsApp, nao wakarudi polepole. Kama jamaa inataka kuhama, basi ikae, isikilizane, ihame pamoja: baba, mama, mutoto wa Kolwezi na shangazi wa Ndola.

Kitu kimoja tu hakuna kampuni inaweza kuondoa: neno mu kinywa cha watu. Mwezi wa Julai 2023 Elon Musk aliondoa ndege wa Twitter na kuita mutandao X. Hata kisha ile, watu wanasema Twitter. Sisi hatuwezi kushangaa. Élisabethville iligeuka Lubumbashi mu mwaka wa 1966, na mupaka sasa kuko wenye wanasema E'ville. Katanga iligawanywa mu majimbo ine mu mwaka wa 2015, lakini uliza mutu wa hapa anatoka wapi: atasema Katanga.

*Basi tufanye nini?*

Kwanza, siku yenye sura inabadilika, kijana wa nyumba akae na wazazi dakika 15. Lakini asikamate telefone na kufanya mbio mbio. Aache mama afinye mwenyewe, mara tatu, ine. Chenye kidole cha mama kimefanya, kitabaki. Chenye mutoto amefanya, kitasahaulika.

Pili, mupe kitu kipya majuma mawili mbele ya kukihukumu. Kama kisha majuma mawili bado unateseka, ile si kitunguu tena.

Tatu, kama ni maji yamekosekana, sema wazi. Kusema "ni mubaya, murudishe" haisaidie. Mu zile programu kuko mahali pa musaada pa kuandikia kampuni. Andika hivi: "Maandishi ni madogo, muzee wa myaka 70 hawezi kusoma." Na mbele ya kuandika, angalia mu mipango ya telefone: ukubwa wa maandishi unaweza kuongezwa, na kushusha picha na video zenyewe kunaweza kuzimwa. Mama wengi wangechunga mega zao kama mutu angewaonyesha hii tu.

Ine, mukimbie dawa ya uongo. Sura ikibadilika, wadanganyifu wanafurahi. Wanatuma ujumbe: "Finya hapa, upate WhatsApp ya rangi ingine", ao "upate ile ya zamani". Mu mwaka wa 2021 ile ya rangi ya pinki ilizunguka mu vikundi, na ndani yake mulikuwa wizi. Hata zile zenye vijana wanapenda, sawa GB WhatsApp, hazitoke kwa kampuni yenyewe. Haujui nani anasoma habari za jamaa yako, na WhatsApp inaweza kukufungia namba. Kupoteza namba juu ya rangi, ile ni hasara ya bure. Chukua programu paka mu duka la telefone yenyewe.

Tano, mambo ya lazima isikae mu mutandao mumoja. Namba za watoto, za muganga, za padri ao muchungaji, uziandike mu kitabu, kwa kalamu. Tunakumbuka uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018: kesho yake intaneti ikakatwa mu inchi nzima, na ikarudi kisha siku karibu 20. Siku zile hakuna mwenye aliuliza rangi ya WhatsApp. Watu walitembea kwa miguu kuuliza: "Muko wazima?" Na wale wenye walikuwa na namba mu kitabu walipiga simu ya kawaida.

Sita, na hii ni ya wakubwa wa nyumba: siku ujumbe wa mapatano unafika, musifinye mbio. Musome pamoja mezani. Mara mingi imeandikwa Kifaransa kigumu. Basi mwanafunzi wa nyumba asome na kutafsiri kwa Kiswahili. Aulize maswali tatu: Wanachukua nini? Wanaipeleka kwa nani? Siku ya mwisho ya kukataa ni gani? Ile itakuwa masomo ya maana kwake kupita mengine ya masomo, na wazazi watajua wanatia kidole chao ku nini.

Wasomaji wapenzi, kulalamika si zambi. Mungu hakufukuza wenye kiu, aliwapa maji. Lakini mutu mwenye hekima anajua kutenga: hii ni ulimi wangu unataka vitunguu, hii ni shingo yangu imekauka. Ya kwanza, tuivumilie na kucheka pamoja. Ya pili, tuiseme wazi, tena pamoja, mupaka mwenye mwamba asikie.

Na weye mu nyumba yako, mara ya mwisho mulilalamika juu ya nini? Tuandikieni, muache barua ku parokia, tutaisoma yote. Mubakie na amani. Tutaonana mwezi kesho, Mungu akipenda.